Mdogo Wake Mama Faili

Mlangoni pamebandikwa karatasi iliyoandikwa MAZOEZI YA MGONGO, JUMATANO SAA NNE ASUBUHI, na maandishi hayo ni uongo mtupu. Humo ndani hakuna anayenyoosha mgongo. Humo hukutana watu waliolizwa na wapenzi wa mtandaoni, wapenzi ambao hawakuwahi kuwatia machoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuonekana akiingia mlango wenye kutangaza jambo hilo. Siku ya kwanza walibishana juu ya jina kwa saa nzima. Mmoja alipendekeza "Darasa la Kompyuta", wenzake wakaogopa kwamba watu watakuja kweli kusoma. Ndipo Mama Faili akasema mgongo, kwa sababu kila mtu aliyevuka miaka arobaini ana haki ya kuumwa mgongo bila kuulizwa maswali.

Watu wakaja kweli vilevile. Wiki ya pili aliingia mzee mmoja na mkongojo wake, mgongo unamuuma hasa, akakaa, akasikiliza saa mbili nzima habari za mchumba wa mtu aliyekwama uwanja wa ndege na begi la dhahabu, na mwishoni akauliza kama wiki ijayo itaendelea. Tangu hapo Mzee wa Mgongo, kama walivyomwita, hajakosa Jumatano hata moja. Anasema mgongo umepata nafuu. Hakuna anayembishia, maana mle ndani ndiye peke yake mwenye maendeleo ya kuonyesha.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya zahanati. Kilikuwa stoo ya mafaili enzi za makaratasi, na bado kinanuka gundi na vumbi la zamani. Kina rafu za chuma zisizo na kitu, viti saba vya plastiki, kimoja mguu wake umefungwa kwa waya, na birika la umeme linalojizima kabla maji hayajachemka. Mama Faili alifanya kazi hapo miaka ishirini na sita, mapokezi na mafaili. Alipostaafu, mganga mkuu alimwuliza angependa zawadi gani, akaomba ufunguo wa stoo. Walikuwa wamemnunulia saa ya ukutani. Wakampa vyote viwili.

Ana uso usiotoa habari. Katika lile dirisha la mapokezi amepokea waliovunjika, walioungua, waliomeza vitu visivyomezwa, na wote aliwauliza kwa sauti ile ile: jina, umri, shida. Mtu akilia alimsogezea kalamu aweke sahihi. Wagonjwa walimlalamikia kwamba hana huruma, na wagonjwa hao hao, dirisha likikaa na mtu mwingine, walirudi nyumbani kungoja zamu yake.

Utaratibu alioweka katika hayo mazoezi ya mgongo ni huu. Mgeni haulizwi kama anajua ametapeliwa. Hilo ni marufuku, kwa sababu mtu aliyekuja na mapenzi yake mkononi ukimwambia ni takataka, ataondoka nayo ameyakumbatia zaidi. Anaombwa tu ujumbe wote aliotumiana na mpenzi wake. Unachapwa, karatasi zinatobolewa matundu, zinafungwa ndani ya faili la kaki. Kisha faili linasomwa kwa sauti mbele ya wote. Maneno ya mwenye faili anayasoma mwenye faili. Maneno ya mpenzi anayasoma Fundi.

Fundi ni fundi bomba, ana miaka sitini na ushee, mabega kama kabati, na sauti ya mtu anayesoma mita ya maji. Yeye mwenyewe alilizwa na nesi wa kujitolea aliyekuwa nchi yenye vita, nesi ambaye kila alipotaka kupanda ndege alivunjika mguu. Alivunjika miguu mitatu kabla Fundi hajaanza kuhesabu. Sasa Fundi akisoma "malaika wangu, kila nikifumba macho nakuona wewe", unasikia kabisa kwamba bomba la jikoni linavuja na gharama zote ni za mteja.

Kwa wengi ukurasa wa tatu unatosha. Mtu anakwama katikati ya sentensi yake mwenyewe, anamtazama Fundi, analitazama faili, anasema "Mungu wangu wee." Hapo Mama Faili humpa chai ya uvuguvugu, na kazi ya kupona inaanza. Ni kazi ndefu, haina sherehe. Karani wa benki, kijana wa miaka thelathini na mbili, amekuja mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kuwaonya wateja juu ya matapeli. Asubuhi aligawa vipeperushi, mchana alimtumia fedha mwanamitindo. Ofisini kwake hakuna anayejua mpaka leo, na juzi wamempandisha cheo.

Sasa tuje kwenye uongo wa pili, ambao ni mkubwa kuliko ule wa mlangoni.

Mama Faili huwaambia wote kwamba alianzisha kikundi kwa ajili ya mdogo wake. Mdogo wangu alilizwa, husema, nikaona nisikae kimya. Watu humsifu kwa moyo huo. Ukweli ni kwamba mdogo wake hajawahi kulizwa hata nyanya moja. Ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili kutoka zahanati, na mteja akimwomba misumari michache ya nyongeza juu ya kilo anamwonyesha mlango. Aliyelizwa ni Mama Faili mwenyewe.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, mwaka aliostaafu. Mwanaume alikuwa mhandisi wa madaraja, aliyefiwa na mke, kofia ya chuma kichwani katika kila picha. Walizungumza miezi minane. Mwanzoni alikwama kwa ajili ya kibali, kisha kwa ajili ya mashine, kisha kwa ajili ya mtu aliyetoa kibali cha mashine, na kiinua mgongo cha Mama Faili kilipokwisha chote, mhandisi akaingia mitini. Alipokwenda ofisi ya ustawi wa jamii kueleza, binti aliyekuwa mezani alimwuliza, "Ni wewe, mama?" Akajibu, "Ni mdogo wangu." Uongo ulitoka laini, bila hata kumeza mate. Yule binti akamsifu kwa kumjali ndugu yake, na Mama Faili akajikuta amekuwa dada mwema kabla hajapata nafasi ya kuwa mjinga.

Mdogo wake naye alipouliza kwa nini paa la nyumba ya dada haliishi, aliambiwa serikali imechelewesha malipo. Tangu siku hiyo anaitukana serikali kila mteja anapomlalamikia bei.

Uongo huo uliwahi kuponea chupuchupu mara moja. Karani wa benki alikwenda duka la vifaa kununua kufuli, akamwona mwanamke mwenye uso wa Mama Faili nyuma ya kaunta, akamshika mkono akamwambia, "Dada, pole sana. Tuko pamoja na wewe. Utapona." Mwanamke yule alikuwa na goti bovu. Akajibu, "Asante. Likinianza nikiwa nimekaa ndiyo taabu. Nikiwa na kazi nasahau kabisa." Karani alirudi na maneno hayo Jumatano iliyofuata machozi yakimlengalenga. Wakakubaliana yaandikwe ubaoni. Mama Faili ndiye aliyeyaandika, uso mkavu, kwa herufi kubwa.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kujua. Alifuta miezi yote minane kwenye simu yake, akabakiza ujumbe mmoja na jibu lake. Mhandisi alikuwa ameandika hivi: "Leo nimekula peke yangu. Nimejikuta nimeweka sahani mbili. Nimeona aibu, nimeiosha na ile ambayo haikutumika."

Hakuna zaidi ya hapo. Hakuomba fedha siku hiyo wala siku tatu zilizofuata. Mama Faili aliugeuza ujumbe huo kila upande kama anavyogeuza kadi ya kliniki yenye tarehe ya kutilia shaka, akafikia uamuzi kwamba tapeli hana sababu ya kuandika habari za kuosha sahani safi. Yote mengine yalikuwa ya wizi, sawa. Lakini siku ile moja, kwa dakika moja, mtu wa kweli alikuwa ameketi mahali akauonea haya upweke wake, akamwambia yeye. Basi kila Jumatano aliwafundisha watu kwamba maneno yote ni bandia, na kila Jumatano alirudi nyumbani na hilo lake moja. Lilimtosha. Usimcheke, maana kuna watu wanaishi kwa kidogo kuliko hicho.

Jumatano moja, aliingia mkunga. Alikuwa na miaka hamsini kasoro, mikono iliyonawishwa mpaka ikapauka, na nyuma yake alikuja binti yake, aliyeshika mkoba wa mama kana kwamba angekimbia nao. Mkunga alikataa kukaa kwanza.

"Nimekuja kwa sababu ya huyu," akasema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Amelia wiki nzima. Nimemwahidi nitakaa saa moja. Nikitoka hapa, asinisumbue tena, na ninyi msinitafute."

"Jina sihitaji," Mama Faili akasema. "Umri sihitaji. Shida?"

"Mimi sina shida. Nina mchumba."

Shida aliieleza binti. Mchumba alikuwa daktari wa meli. Meli imezuiwa bandarini huko aliko, na yeye hawezi kushuka mpaka mtu amlipie dhamana. Mama amepata mnunuzi wa nyumba yao, ile nyumba wanayolala. Kesho saa tatu asubuhi wanaweka sahihi kwa mwanasheria.

"Daktari wa meli," Mzee wa Mgongo alirudia, akavuta kiti mbele. Hajawahi kusikia wa meli.

Faili lilikuwa nene. Mkunga aliketi, akavaa miwani, wakaanza. Alisoma maneno yake vizuri, bila haya, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wanawake sukuma. Fundi alisoma ya daktari. Kurasa za kwanza zilikuwa zile zile ambazo kila mtu chumbani angeweza kuzisoma bila karatasi: mke aliyefariki, mtoto aliye shuleni mbali, Mungu amenileta kwako. Ukurasa wa tatu ukapita, mkunga hakukwama. Wa tano ukapita. Karani wa benki akaanza kumtazama Mama Faili. Mama Faili alikuwa akitoboa karatasi za wiki ijayo, polepole, kama kawaida.

"Tarehe kumi na nne," Fundi akasoma. "Leo nimekula peke yangu. Nimejikuta nimeweka sahani mbili. Nimeona aibu, nimeiosha na ile ambayo haikutumika."

Kitoboleo kikabaki hewani.

"Soma tena," Mama Faili akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Fundi alisoma tena, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya mita ya maji, na Mama Faili alihisi moyo wake unashuka ngazi moja moja. Haikuwa hasira, wala wivu, ingawa wivu ulipita pia, mfupi na wa kijinga, kana kwamba amemfumania mumewe. Ilikuwa kwamba sasa hakubakiwa na kitu. Kiinua mgongo kilikwisha miaka mitatu iliyopita, lakini leo ndiyo siku aliyofilisika.

Mkunga alivua miwani.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo mnaposhindwa wote, pamoja na mwanangu. Najua matapeli wapo, mimi si mtoto. Lakini tapeli anaandika ili aombe. Hapo ameomba nini? Mtu anayeiba ana haja gani ya kuniambia ameosha sahani safi?"

Yalikuwa maneno ya Mama Faili mwenyewe. Miaka mitatu alikuwa amejiambia hayo hayo, mpaka ile sahani safi.

"Mama, hao wananakili tu," karani wa benki akajaribu. "Wana daftari la maneno, wanamtumia kila mtu."

"Nionyeshe mwingine aliyetumiwa hilo."

Karani hakuwa naye. Walipekua kumbukumbu zao, wakatazamana. Mzee wa Mgongo, ambaye angeweza kukaa kimya, akasema, "Mimi kusema kweli hiyo ya sahani nimeipenda." Binti alifunika uso. Mkunga alianza kufunga mkoba, na kila mtu aliona kwamba anaondoka akiwa na uhakika kuliko alivyoingia. Hapo sasa hawangemponya tena. Walikuwa wamemsomea mapenzi yake kwa sauti mbaya kuliko zote mjini, na yamesimama.

"Mdogo wangu aliandikiwa hivyo hivyo," Mama Faili akasema.

Mkunga akageuka. "Hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Yuko wapi?"

Mama Faili akaweka karatasi nyingine kwenye kitoboleo.

"Mimi nazalisha," mkunga akasema. "Nimeambiwa na mama wakwe wengi sana mambo yaliyowapata watu wengine. Nataka nimsikie mwenyewe. Akiniambia huyo mdogo wako kwa mdomo wake, nampigia mwanasheria hapo hapo. Asiponiambia, basi."

"Yuko mtaa wa pili tu!" karani wa benki akadakia, uso unang'aa. "Duka la vifaa vya ujenzi. Mwanamke jasiri ajabu. Maneno yake yale ubaoni."

Basi wakatoka wote sita, wakafunga mlango wa mazoezi ya mgongo, wakashika njia. Mzee wa Mgongo alitangulia, mkongojo kwapani. Mama Faili alitembea nyuma kabisa akipiga hesabu. Angeweza kuwahi, amnong'oneze mdogo wake aseme ndiyo. Lakini mdogo wake hanong'onezwi. Ukimkonyeza anauliza kwa sauti jicho limeingiwa na nini. Angeweza kusingizia kwamba amekosea mdogo, lakini alikuwa naye mmoja. Njia haikuwa ndefu. Katika maisha yake hajawahi kuona njia fupi kama ile.

Duka lilikuwa limejaa ndoo, mabomba, masinki yaliyopangwa wima, na harufu ya rangi ya mafuta. Nje wapagazi walikuwa wakishusha mifuko ya saruji kutoka kwenye lori, kwa makelele. Mdogo mtu alikuwa nyuma ya kaunta juu ya kiti kirefu, goti limenyooshwa, anapima misumari. Aliwatazama wakiingia.

"Mmoja mmoja," akasema. "Dada, hawa wako?"

Mkunga alisogea mpaka kaunta. "Samahani, dada. Nina swali la siri kidogo, lakini hawa wote wanalijua. Ni kweli yule mwanaume alikuandikia habari za sahani mbili?"

"Mwanaume gani?"

"Yule wa kwenye simu. Kwako labda alijiita jina jingine."

Mdogo mtu alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mwanaume wa mwisho kuniandikia ni wa kodi," akasema. "Na sahani siuzi. Nina masinki."

"Dada," karani wa benki akasema kwa upole, "hapa uko salama."

"Najua niko salama. Hapa ni kwangu. Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ile, kufuli unalo?"

Mkunga alirudi hatua moja. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa na hofu ndogo mahali fulani na sasa imeondoka, na akamwambia binti yake, "Umeona? Wamenitungia. Twende nyumbani." Binti hakusogea. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. Mkunga aliuchukua mkoba wake mkononi mwa binti, akaelekea mlangoni.

"Ni mimi," Mama Faili akasema.

Hakuna aliyemsikia. Mfuko wa saruji ulikuwa umetua nje kwa kishindo. Mambo mengine ukishayasema mara moja unastahili yaishe, lakini alilazimika kuyarudia, na safari hii kwa sauti ambayo hata wapagazi waliisikia.

"Ni mimi niliyelizwa! Mimi mwenyewe. Hakuna mdogo!"

Mpagazi mmoja akachungulia mlangoni.

"Hakuna mdogo?" mdogo wake akauliza kutoka juu ya kiti. "Mimi ni nani?"

Mama Faili alitoa simu, akaifungua pale alipokuwa akiifungua kila usiku, akampa Fundi. Fundi alivaa miwani. Alianza na tarehe, kama anavyoanza daima, na tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Kisha akasoma. Leo nimekula peke yangu. Alisoma sahani mbili, alisoma aibu, alisoma ile ambayo haikutumika. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, sauti ya mita ya maji iliyumba kidogo katikati, akakohoa, akamaliza.

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwao.

"Kuna jibu," Fundi akasema, akamrudishia Mama Faili simu. Utaratibu aliuweka Mama Faili mwenyewe: maneno ya mwenye faili anayasoma mwenye faili.

Mama Faili aliitazama simu. Akajikaza kisabuni, akatafuta ile sauti yake ya dirishani iliyomtumikia miaka ishirini na sita, hakuiona. Akasoma na sauti iliyokuwepo.

"Usiioshe. Iache mezani. Nakuja kuitumia mimi."

Aibu ilimchoma mpaka masikioni, mbele ya Fundi, mbele ya wapagazi waliokuwa wamechungulia, mbele ya mdogo wake hasa. Lakini alipomaliza kusoma aligundua kwamba kinachomliza si aibu. Alikuwa na huzuni ya kawaida ya mtu aliyefiwa, na kwa miaka mitatu hakuna aliyempa pole, kwa sababu pole zote alizipeleka duka la vifaa vya ujenzi.

Mkunga aligeuka taratibu. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa saruji, sketi nyeupe na yote.

"Mimi nilimwambia asihangaike kuosha," akasema. "Nilimwambia nikija vyombo vyote nitaosha mimi."

Binti yake alikwenda akaketi ubavuni mwake. Mkunga alikaa vile akiitazama mikono yake, mpaka ikawa wazi kwamba hakuna wa kumharakisha, kisha akatoa simu akampigia mwanasheria. Alisema kesho haji. Akasikiliza. "Hapana, si kuahirisha," akasema. "Siuzi." Akakata, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama walivyolia wanawake wote aliowahi kuwashika mkono. Fundi alimsimamia pembeni akiwa hana la kufanya, akamshikia miwani.

Waliondoka mmoja mmoja. Mkunga aliuliza kama Jumatano ijayo wapo, Mama Faili akasema wapo. Karani wa benki alitaka kumwomba radhi mwenye duka, akashindwa aanzie wapi, akanunua kufuli nyingine. Mzee wa Mgongo alisema hiyo ilikuwa bora kuliko zote, akaambiwa aende nyumbani.

Wakabaki ndugu wawili. Mdogo mtu alimaliza kupima misumari aliyokuwa akipima, akaifunga, akaandika.

"Kwa hiyo serikali haikuchelewesha," akasema.

"Haikuchelewesha."

"Miaka mitatu naitukana."

"Nisamehe."

"Serikali ina mengine." Alilikunja goti kwa mkono, akateremka kitini, na kwa muda alipanga mikebe ya rangi ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Alipozungumza tena hakumtazama dada yake. "Ulitaka kwenda kula na mtu aliye mbali hivyo. Hata nauli hukuijua. Mimi nakula hapa nyuma ya kaunta peke yangu kila siku tangu mama afariki, na wewe uko mtaa wa pili. Hukuwahi hata kuuliza nakula nini."

Kati ya watu wote ambao Mama Faili aliwauliza shida zao, huyu hakuwa na faili.

"Leo unakula nini?" akauliza.

Mdogo wake alimtazama, bila huruma yoyote usoni. Walifanana sana. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa bakuli lenye mfuniko.

"Nimeleta cha mtu mmoja," akasema, akasukuma mkebe mmoja wa rangi pembeni apate nafasi. "Tutagawana."